Land Rover Series Iliyokaa Juu ya Mawe: Jinsi ya Kuinunua na Kuifufua

Gari lililolala miaka mingi huharibiwa zaidi siku ya kuamshwa kuliko miaka yote liliyolala. Betri mpya inafungwa, ufunguo unazungushwa, stata inalazimisha pistoni zilizoshikwa na kutu, valvu iliyoganda inapinda pushirodi yake (kijiti kinachoisukuma ifunguke), na petroli iliyogeuka gundi inaingia kwenye kabureta. Yote hayo yanaepukika kwa siku chache za subira. Lakini kabla ya kufika kwenye injini kuna swali kubwa zaidi: je, gari lenyewe linafaa kununuliwa?

Maelezo haya ni ya Series II (1958–1961), IIA (1961–1971) na III (1971–1985) zenye injini ya petroli ya lita 2.25, silinda nne, ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Vipimo vya oili ni vya gari fupi la inchi 88. Lile refu la inchi 109 lina breki kubwa zaidi, na mengi ya miaka ya baadaye yana difu (boksi la gia katikati ya ekseli) ya nyuma ya aina nyingine, kwa hiyo hakikisha kipimo chake kabla ya kumimina.

Chuma kwanza, injini baadaye

Wanunuzi wengi hufungua boneti kabla ya jambo lolote. Ni kuanza mwishoni. Injini hii ni rahisi kutengeneza na vipuri vyake bado vinapatikana, ila chesi, yaani fremu ya chuma inayobeba kila kitu, ikioza utalivua gari lote mpaka libaki mifupa. Bodi ni ya aloi ya aluminiamu, haioti kutu nyekundu, na ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima kwa nje huku chini limekwisha.

Njoo na tochi yenye mwanga mkali, nyundo ndogo, bisibisi kuukuu, sumaku na nguo za kulalia chini. Chesi imeundwa kama boksi lenye uwazi ndani. Matope na maji hukaa humo, kwa hiyo huoza kutoka ndani kwenda nje, na tundu unaloliona ni dalili ya mwisho. Igonge hatua kwa hatua, upande mmoja hadi mwingine. Chuma kizima hutoa mlio mkali. Kilichooza hutoa sauti butu, na mara nyingi utasikia maganda ya kutu yakimwagika ndani. Hapo choma kwa bisibisi. Ikizama, umepata jibu.

Kuna sehemu ambazo huoza kabla ya nyingine: boriti ya nyuma kabisa inayobeba kulabu ya kuvutia, mikono ya pembeni inayoshika ukuta wa mbele, mabano ya springi, ncha mbili za mbele zinazobeba bampa, na upande wa juu wa chesi palipo karibu na ekseli ya nyuma, kwa kuwa tairi hurusha matope hapo na hakuna anayeosha. Ingiza mkono juu ya chesi usipoweza kuona. Huko ndiko watu wasikofika.

Kiraka kimoja kilichochomelewa vizuri kuzunguka kingo zote si kosa. Kiraka juu ya kiraka ni kosa, kwa sababu chuma cha chini kinaendelea kuliwa na mchomeleaji alikosa mahali pazima pa kushikiza. Ukikuta rangi nzito ya lami iliyopakwa juzijuzi, omba ruhusa ya kukwangua sehemu tatu au nne. Muuzaji akikataa, mhesabie chesi kuwa imeoza.

Baada ya chesi, ukuta wa mbele: ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria, ambao pia unabeba pedali, kioo na bawaba za milango. Huoza kwenye sakafu za miguu, kwenye nguzo za milango na kwenye pembe za juu karibu na vifuniko vya kuingizia hewa. Sakafu za miguu ni kazi ndogo. Nguzo na pembe za juu ni kazi ngumu, kwa sababu zikipotea kidogo tu milango haifungiki tena sawasawa. Pitisha sumaku: pasiposhika, pana puti. Fungua mlango nusu, unyanyue kwa mkono, utazame kama nguzo inacheza badala ya bawaba.

Unga mweupe mahali aluminiamu inapokutana na chuma ni kawaida. Metali mbili tofauti zikilowa pamoja huliwa ile iliyo dhaifu, nayo ni aluminiamu. Huchafua sura kuliko kudhoofisha gari.

Nyuma ya kila gurudumu la mbele utaona duara la chuma lililopakwa kromu, ambalo nyumba yake huzunguka juu yake usukani unapokatwa. Gari likisimama miaka mingi, sehemu ya duara iliyo nje ya sili hupata kutu na vishimo. Siku gari linapotembea, vishimo hivyo hukata sili na oili yote humwagika. Duara lenye vishimo lazima libadilishwe, na lihesabiwe kwenye bei.

Namba ya chesi imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye ncha ya chesi karibu na springi. Isugue kwa brashi ya waya, isome, uilinganishe na karatasi za gari na kibao kilichomo ndani. Zisipolingana, usilipe mpaka ofisi ya usajili imethibitisha.

Injini kwa sasa inahitaji vipimo viwili tu. Vuta kijiti cha oili: rangi ya maziwa maana yake maji yameingia. Kisha weka gia huru, ingiza hendeli ya kuwashia mbele ya gari, na ujaribu kuisogeza taratibu kwa robo mzunguko. Ikisogea, vizuri. Ikigoma, usilazimishe, lipia bei ya gari lenye injini mbovu. Muuzaji akitaka kuliwasha mbele yako, mwombe aache.

Hukumu yangu ni hii: chesi na ukuta vizima pamoja na injini iliyoshikana, nunua. Injini inayonguruma juu ya chesi iliyooza, nunua tu kama umeshapanga kuweka chesi mpya iliyochovywa zinki.

Kulihamisha

Lipakie kwenye trela. Usilivute kwa kamba, kwa kuwa breki zake hazipo hata kama pedali inaonekana ngumu. Usilivute likiwa kwenye gia kwa nia ya kuilegeza injini. Ndiyo njia ya haraka ya kuvunja pete za pistoni.

Jambo moja la usalama kabla ya jeki yoyote: handibreki ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lile la angani kuzunguka na gari linateleza kutoka kwenye jeki. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini, na lala chini ya gari likiwa juu ya stendi tu.

Kuizungusha injini bila kuiumiza

Toa viota vya panya kwanza, hasa ndani ya kisafisha hewa na juu ya ekzosti, ambapo nyasi kavu hushika moto. Piga picha kila waya kabla ya kuugusa. Kisha:

1. Vua plagi zote nne. Puliza uchafu kwenye mashimo yake kabla hujazilegeza, usije ukaangukia ndani.
2. Mimina mililita 15 hadi 20 za oili nyepesi, au oili ya giaboksi otomatiki, katika kila silinda. Acha siku mbili au tatu, na uongeze kidogo kila siku.
3. Vua kifuniko cha tapeti. Mwagia oili safi roka (mikono midogo inayobonyeza valvu), springi za valvu na pushirodi.
4. Zungusha kwa hendeli, plagi zikiwa nje, mizunguko miwili kamili, huku mwenzako akitazama valvu zote nane zikishuka na kupanda.

Hatua ya nne ndiyo inayookoa pesa. Valvu iliyoganda hubaki chini wakati roka imerudi juu, na mwenzako ataona nafasi kubwa imejitokeza. Mwagia mafuta ya kulegeza kutu kwenye shina lake, gonga kichwa cha springi taratibu kwa nyundo ya mpira, subiri, rudia. Ukiendelea kuzungusha kwa nguvu, pushirodi inapinda.

Injini ikiwa imeshikana kabisa, jaza silinda mchanganyiko wa nusu oili ya giaboksi otomatiki na nusu asetoni, mbali na moto, uache wiki nzima. Halafu itikise mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikisogea hata milimita tano, usiipeleke mbele tu. Irudishe, iende, irudi, mpaka nafasi iongezeke. Baada ya wiki mbili bila mabadiliko vua silinda hedi, kwa sababu kuna silinda iliyoingiwa na maji na hakuna dawa ya kumimina itakayoitosha.

Unapotumia hendeli, weka dole gumba upande mmoja na vidole vingine na uvute kwenda juu. Injini ikirudisha nyuma, mkono uliozungushiwa dole gumba huvunjika.

Ikishazunguka vizuri, pima nafasi za valvu: milimita 0.25 kwa zote, za kuingiza na za kutoa. Tumia hesabu ya tisa, yaani namba za valvu mbili zikijumlishwa hutoa tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 7 ikifunguka, rekebisha ya 2, na kuendelea hivyo.

Oili na maji

Kanuni moja inatawala kila giaboksi na difu: fungua nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Ukimwaga kwanza, kisha nati ya juu ikagoma, umebaki na gari lisilo na oili.

Legeza nati ya chini polepole. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo yakiwepo yatatoka ya kwanza. Maji kidogo safi, badilisha oili uendelee. Uji wa rangi ya maziwa au chembe za chuma zinazong'aa zinahitaji kufunguliwa na kukaguliwa beringi.

Injini inachukua lita 6 kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini) na karibu 0.85 kwenye filta. Tumia 20W-50 ya kawaida. Giaboksi kuu lita 1.5, boksi la kugawa nguvu kati ya ekseli za mbele na nyuma lita 2.5, kila difu lita 1.75, kila nyumba ya duara la mbele nusu lita. Huko kote ni oili ya gia ya EP90. Kwa giaboksi kuu chagua daraja la GL-4, kwa sababu viambato vya baadhi ya oili za GL-5 hushambulia vipande vya shaba vilivyomo. Kisafisha hewa nacho kina bakuli la oili, karibu lita 0.85, ambalo watu husahau.

Rejeta isafishe kwa maji yanayoingia chini na kutokea juu, kinyume cha mtiririko wake wa kawaida. Fungua koki ya kumwagia maji ubavuni mwa bloku. Isipotoa kitu, matope yameiziba, ichokonoe kwa waya. Badilisha mipira yote ya maji na mkanda wa feni bila kujiuliza. Mfumo mzima unameza zaidi kidogo ya lita 10. Tazama kitundu kilicho chini ya pampu ya maji: kikianza kutiririsha, sili ya pampu imekauka na pampu inabadilishwa.

Umeme

Kabla ya kuunganisha betri, tambua upande wa ardhi, yaani ncha ya betri inayounganishwa na chesi. Magari ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 mengi yalitoka kiwandani ardhi ikiwa chanya, na baadhi yalibadilishwa baadaye. Fuata waya mnene kutoka kwenye chesi mpaka mahali betri inapokaa, na angalia alama kwenye dainamo. Ukiunganisha kinyume kwenye gari lenye altaneta, unaiunguza papo hapo.

Safisha kamba za ardhi pande zote mbili mpaka chuma king'ae: ya betri kwenda chesi na ya injini au giaboksi kwenda chesi. Nusu ya matatizo ya stata na taa za magari haya inaishia hapo. Nyaya nyingi za zamani hazipiti kwenye fyuzi, na ganda lake la mpira linakatika ukilikunja. Funga swichi ya kukatia betri leo, kabla ya kitu kingine. Waya ambao ganda limepasuka usiufunge utepe, ubadilishe.

Kwenye distribyuta, sugua pointi kwa msasa laini au weka mpya, nafasi milimita 0.35 hadi 0.40. Plagi ni 0.75 hadi 0.80. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, silinda ya kwanza ikiwa ya mbele. Toa plagi moja, ishikize kwenye bloku mbali na tundu lililo wazi, zungusha: cheche iwe ya buluu na ya kusikika. Cheche ya njano dhaifu, badilisha kondensa kabla ya kulaumu koili.

Petroli

Usitumie tanki la gari kwa kuwasha mara ya kwanza. Chukua kopo safi la lita 5, mpira mpya wa petroli, na uuingize moja kwa moja kwenye pampu. Bakuli la kioo la pampu livue, uoshe wavu wake, ubadilishe gasketi yake. Dayaframu iliyokauka ina hatari kubwa kuliko kutovuta tu: ikipasuka, petroli huingia kwenye sampu. Ndiyo maana baada ya kuwasha unanusa kijiti cha oili.

Kabureta ifungue yote. Jeti husafishwa kwa dawa ya kabureta na hewa, kamwe si kwa waya, kwa sababu waya hupanua tundu. Kwenye kabureta ya Zenith 36 IV angalia hasa kipete cha mpira kilicho ndani na ubapa wa uso wa kifuniko cha juu. Kikipinda, injini hulewa petroli, haitulii, na hakuna skrubu itakayorekebisha.

Tanki lilowekwe baadaye kwa siki au asidi ya limau, lisuuzwe na magadi, likaushwe. Usilichomelee hata kama limekaa tupu mwaka mzima. Mvuke uliobaki kwenye maungio unatosha kulipua.

Kuwasha

Weka kizima moto mahali mkono unapofika. Plagi zikiwa bado nje, zungusha kwa stata sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia mpaka taa ya oili izime. Isipozima baada ya mara tano au sita, simama; pampu haivuti, na kuwasha sasa ni kusaga beringi. Taa ikizima, rudisha plagi, vuta choki, washa.

Moshi mweupe wa dakika 10 hadi 15 ni ile oili uliyoimimina. Shikilia mzunguko wa wastani badala ya ule wa chini kabisa, kwa kuwa kamshafti na tapeti zake zinahitaji oili inayorushwa. Mlio wa tikitiki juu ni valvu. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaoongezeka ukikanyaga ni beringi, na hapo unazima mara moja. Injini ikishapata joto, mgandamizo wa oili kwenye mizunguko 2,000 uwe kati ya pauni 35 na 65 kwa inchi ya mraba. Baada ya dakika 20 za kazi, mwaga ile oili. Utaona ilichobeba.

Klachi iliyoshikana

Ukikanyaga pedali na gia bado zinakwaruza, usidhani mara moja kwamba sahani imegandana na flaiwili. Mwambie mtu akanyage, wewe utazame silinda ndogo ya klachi kando ya giaboksi. Isiposogea, tatizo ni sili zilizokauka. Ikisogea na bado inagoma, shikiza pedali chini kwa kipande cha mbao kwa siku mbili au tatu. Njia ya mwisho ni uwanja wazi baada ya breki kukamilika: injini ya moto, klachi imekanyagwa, gia imeingia, kisha kanyaga na kuachia pedali ya mafuta kwa mishtuko mifupi mpaka iachie.

Breki

Hapa hakuna kubahatisha na hakuna kuokoa kipuri. Oili ya breki hunyonya unyevu, na unyevu hula silinda kutoka ndani. Badilisha silinda za magurudumu zote, masta silinda, mipira yote ya breki na brekishu zilizoloa oili. Bomba za chuma zenye maganda ya kutu zitoke. Mpira wa zamani unaweza kuvimba ndani ukaruhusu oili kwenda bila kurudi. Gurudumu moja likipata joto kuliko mengine, mara nyingi ni huo.

Drami isipotoka, rudisha nyuma kirekebishaji kilicho nyuma ya sahani ya breki, kisha gonga kingo kwa nyundo kwa zamu. Drami zenye kutu nyepesi zisuguliwe. Zenye mtaro wa kina zikachongwe au zibadilishwe.

Wakati wa kutoa upepo, kaza virekebishaji vyote mpaka brekishu zishike drami. Hilo linazuia pistoni za silinda kusogea unapokanyaga, na husaidia kupata pedali ngumu kwenye breki za inchi 11 zinazosumbua mafundi wengi. Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, malizia la karibu. Kisha legeza virekebishaji mpaka magurudumu yazunguke bila kukwama.

Kilomita za kwanza

Tairi zibadilishwe hata kama zina meno. Tarakimu nne za mwisho ubavuni ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Zikiwa tatu tu, tairi ni ya kabla ya mwaka 2000.

Jaribu breki kwenye uwanja mtupu, mwendo wa kutembea, mara kadhaa. Halafu tafuta ardhi ya vumbi au changarawe ujaribu magurudumu manne: bonyeza kifundo cha njano kwa gia za mwendo wa kawaida, vuta mkono mwekundu nyuma kwa gia za mwendo wa chini. Usifanye hivyo juu ya lami kavu. Gari hili halina difu ya katikati, kwa hiyo ekseli za mbele na nyuma hushindana na kitu fulani hukatika.

Baada ya kilomita 100, kaza upya nati za magurudumu, bolti za springi na zile za shafti. Gusa drami zote kwa mkono ulinganishe joto. Pima tena oili ya difu na ya nyumba za duara za mbele, na nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Badilisha oili ya injini na filta kwa mara ya pili kwenye kilomita 500, kisha ufuate ratiba ya kawaida.